Inakwama Wapi? Protini Zinazoua Seli za Ubongo

Bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi kilicho ubavuni mwake huonekana kutoka sehemu nyingi za Lubumbashi. Wenyeji hukiita terili. Kilianza kurundikana baada ya shaba ya kwanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na kwa miongo mingi kilihesabiwa kuwa uchafu tu. Baadaye ilionekana kwamba kobalti na jerimani iliyomo inatosha kulipa gharama ya kukichimba upya, na kampuni ya STL imekuwa ikikipunguza kidogo kidogo. Seli ya mwili wa binadamu hufanya kazi ya namna hiyo usiku na mchana. Protini iliyochakaa haitupwi nje. Inavunjwavunjwa, na vipande vyake vinarudi kutumika. Ila seli haiwezi kungoja miongo mingi ndipo ianze kazi.

Golf, hapa mjini, ni mtaa wa kuta ndefu na mageti, wa wafanyabiashara, wakubwa wa migodi na wastaafu. Wazee wake wengi wana umri ambao baba zao hawakuufikia, na umri huo huja na wageni wake. Mzee mmoja mkono unatetemeka akiwa ameketi kimya, na ukimpa kikombe mkono unatulia. Mwingine anamuuliza mkewe, kwa heshima zote, yeye ni mgeni wa nani. Familia ikikutana hutajwa presha, sukari na mawazo mengi, na mwisho, sauti ikiwa imeshuka, mtu atasema: balimuloga, yaani amelogwa. Fedha haizuii neno hilo kutamkwa. Inachofanya fedha ni kumpeleka mzee Afrika Kusini au India, akarudi na karatasi iliyoandikwa Parkinson au Alzheimer. Karatasi imetaja jina la daktari wa Ulaya wa zamani, nayo familia haijajua zaidi ya ilivyojua jana.

Kinachotokea ndani ya seli hizo kinajulikana kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Ila kinajulikana kama mlolongo wa hatua, na kila hatua ina mahali pake pa kukwama. Hilo ndilo ninalotaka kulishikilia katika makala haya, kwa sababu watu wawili wanaweza kutetemeka sawasawa huku mashine zao zikiwa zimekwama mahali tofauti kabisa, na dawa inayomfaa mmoja isimsaidie mwenzake.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kazi yake hutegemea jinsi mnyororo huo ulivyokunjwa. Ikikunjwa vibaya, sehemu zake zinazochukia maji, ambazo zilipaswa kufichwa ndani, hubaki wazi, na sehemu hizo hunatana na za jirani. Ndiyo asili ya mabonge. Joto, sumu, uzee na makosa ya kurithi vyote huongeza idadi ya protini zilizopotoka, lakini hata kijana mwenye afya anazo kila saa. Seli inazo protini nyingine zilizo walezi, Hsp70 ikiwa mashuhuri kati yao, zinazoishika protini iliyopotoka na kuipa nafasi ya kujikunja upya. Ikishindikana, mlezi huyo huyo huikabidhi kwa wavunjaji.

Wavunjaji wako wa aina mbili kubwa, na historia yao ni ya kupendeza. Mwaka 1949, mjini Leuven, Ubelgiji, Christian de Duve alikuwa akitafuta jinsi insulini inavyofanya kazi katika ini. Kimeng'enya kimoja alichokipima pembeni, fosfatasi ya asidi, kilionyesha nguvu ndogo mno katika ini la panya lililosagwa kwa upole, takriban sehemu moja ya kumi ya ile iliyotarajiwa. Sampuli zikawekwa kwenye friji. Siku tano baadaye zikapimwa tena, nguvu imepanda. Mtafiti mwenye haraka angezimwaga na kulaumu vyombo. De Duve alifikiri kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na kwamba utando wa vifuko hivyo ulikuwa umeanza kupasuka kule frijini. Mwaka 1955 alivipa jina la lisosomu. Mwaka huo huo serikali ya Ubelgiji iliamua kuanzisha Élisabethville chuo kikuu ambacho leo ni UNILU, hivyo lisosomu na chuo cha mji wetu vina umri mmoja.

Lisosomu ni kifuko chenye asidi kali na vimeng'enya zaidi ya 50 vinavyoweza kumeng'enya karibu kila kitu kilichomo katika seli: protini, mafuta, sukari, hata vipande vya mitokondria. Asidi ni sharti. Vimeng'enya hivyo vikimwagika nje, mahali pasipo na asidi, hulegea, na hiyo ni kinga ya seli isijile yenyewe. Lakini kitu kinafikaje ndani ya kifuko? Mwaka 1963 De Duve aliita njia hiyo otofajia: utando mpya huota ndani ya seli, hukizunguka kinachotakiwa kuondolewa, hujifunga kuwa mfuko, kisha mfuko huo huungana na lisosomu. Kwa karibu miaka 30 jambo hilo lilionekana kwa darubini bila mtu kujua jeni zinazoliendesha. Mjapani Yoshinori Ohsumi alizitafuta katika hamira, kiumbe ambacho wenzake wengi hawakuwa wakikitazama kwa ajili hiyo, na mwaka 1993 alitangaza hamira 15 zilizoharibika, kila moja ikiwa imekosa sehemu moja ya mashine. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. De Duve alikuwa amepata ya kwake mwaka 1974.

Aina ya pili ya wavunjaji haina kifuko. Ni chombo kidogo chenye umbo la pipa, protiasomu, ambacho kiini chake kimejengwa kwa vipande 28 vilivyopangwa katika pete nne. Protini inayopelekwa humo lazima kwanza ipigwe alama kwa kubandikwa protini nyingine ndogo ya asidi amino 76, ubikwitini, na si moja bali msururu wake. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Haifa, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, ndio waliofumbua siri hiyo na kupata Nobel ya kemia ya mwaka 2004. Kilichowavuta ni kitu kilichoonekana kama ujinga wa maumbile: seli hutumia nishati kuvunja protini, ilhali kuvunja kungetakiwa kutoa nishati. Jibu ni kwamba nishati inalipia uteuzi. Vimeng'enya vya kubandika alama viko mamia, na kila kimoja kina protini zake kinazozitambua.

Mdomo wa pipa hilo ni mwembamba sana, na protini hupita humo ikiwa imenyooshwa kama uzi. Ndiyo maana protiasomu ni hodari kwa protini moja moja na haiwezi kitu mbele ya bonge. Bonge likishakuwa bonge, tumaini linabaki kwa otofajia. Iko pia njia ya tatu, ambamo mlezi huipeleka protini moja kwa moja kwenye ukuta wa lisosomu na kuipitisha kupitia mlango maalumu uitwao LAMP2A. Ana Maria Cuervo na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba alfa-sinukleini, protini inayorundikana katika Parkinson, kwa kawaida hupita mlangoni hapo. Ikiwa na kasoro fulani za kurithi hung'ang'ania mlango na kuwazuia wengine wote.

Kwa nini basi ubongo uumie zaidi kuliko ini? Seli ya ini hugawanyika, na kila mgawanyiko huupunguza uchafu nusu kwa nusu. Seli ya neva ikishakomaa haigawanyiki. Uliyozaliwa nayo utazikwa nayo. Kisha kuna umbali. Seli inayosogeza kidole cha mguu ina kiini katika uti wa mgongo na mkia wenye urefu wa karibu mita moja. Mifuko ya otofajia huanza kuundwa kwenye ncha ya mkia, lakini lisosomu zenye nguvu zimejaa karibu na kiini. Mfuko hauna budi kuburutwa njia yote hiyo na protini za usafirishaji, zikitumia nishati kila hatua. Safari hiyo ikiharibika njiani, kazi imekwama hata kama lisosomu zenyewe ni nzima.

Mwaka 2006 makundi mawili ya Japani yaliondoa uwezo wa otofajia katika seli za neva za panya, moja kwa kuifuta jeni ya Atg5, jingine Atg7. Panya hao hawakupewa sumu wala protini mbaya ya kurithi. Walianza kuyumba, wakashindwa kushika vizuri kwa miguu, na ndani ya seli zao yakakutwa mabonge yaliyojaa ubikwitini. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio muhimu kuliko yote katika habari hii. Lilionyesha kwamba hakuhitajiki protini ya kutisha kutoka nje ili ubongo uharibike. Inatosha usafi wa kila siku kusimama.

Tangu hapo wanajenetiki wamekuwa wakikuta jina baada ya jina la mashine ile ile. Parkin, jeni iliyogunduliwa Japani mwaka 1998 katika familia ambazo vijana wao hupata Parkinson mapema, ni kibandika alama cha ubikwitini. Mwenzake PINK1 hukaa juu ya mitokondria iliyoharibika na kumwita Parkin aje, ili mitokondria hiyo ipelekwe kwenye otofajia. Katika ugonjwa wa ALS, ambao huipoozesha misuli hadi ya pumzi, orodha ya jeni za kurithi imesheheni sehemu za usafi: VCP, ubikwilini-2, optinurini, p62, TBK1. Ugonjwa wa Huntington ni habari nyingine: hapo kosa liko katika protini yenyewe, hantingtini, ambayo jeni yake hurudia herufi tatu CAG kupita kiasi, mara 36 na kuendelea, na mnyororo ukawa mrefu wenye kunata.

Alzheimer ndiyo inayozungumzwa zaidi na ndiyo iliyopotosha zaidi, nadhani, mawazo ya watu. Tangu Alois Alzheimer alipoeleza mwaka 1906 ubongo wa mgonjwa wake, macho yote yamekuwa kwenye vitu viwili alivyoviona: madoa nje ya seli, ambayo leo tunajua ni amiloidi-beta, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli, ambazo ni protini ya tau. Dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani, lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, ni kingamwili zinazosafisha amiloidi. Zinaisafisha kweli. Mgonjwa wa hatua za mwanzo aliyepewa lecanemab kwa miezi 18 alididimia kwa asilimia 27 chini ya yule aliyepewa dripu isiyo na dawa. Alididimia, lakini. Tena inabidi apigwe picha za MRI mara kwa mara kwa kuhofia ubongo kuvimba au kuvuja damu.

Ralph Nixon wa New York kwa miaka mingi amekuwa akisema kwamba tunaanza kutazama hadithi katikati. Mwaka 2022 kundi lake lilionyesha, katika panya wa aina kadhaa wanaopata Alzheimer, kwamba lisosomu za seli za neva hupoteza asidi kabla madoa hayajaonekana nje. Mifuko iliyojaa amiloidi isiyomeng'enywa hutuna kuzunguka kiini cha seli kama petali, na seli hiyo ikifa, mabaki yake ndiyo doa. Kama ndivyo ilivyo pia kwa binadamu, kusafisha madoa ni kufagia makaburi. Wapo wanaopinga baadhi ya hatua za hoja hii, hasa kuhusu nini huiondoa asidi, na mabishano yao ni halali. Lakini mwelekeo wake naukubali: doa ni matokeo ya kazi iliyokwama mahali fulani ndani.

Hata bonge lenyewe halina hatia moja kwa moja. Mwaka 2004 watafiti wa San Francisco, wakiongozwa na Steven Finkbeiner, walizifuatilia seli za neva zenye hantingtini mbovu, moja moja, siku baada ya siku. Zile zilizounda bonge kubwa ziliishi muda mrefu kuliko zile ambazo protini hiyo ilibaki imetawanyika. Bonge, kumbe, laweza kuwa njia ya seli kuikusanya hatari mahali pamoja. Mabonge ya Lewy katika Parkinson yamejaa ubikwitini, maana yake seli iliyatia alama, iliyatambua, ilitaka kuyaondoa. Hatua iliyofuata ndiyo haikufanyika.

Sasa tufike nyumbani, au karibu na nyumbani.

Uko ugonjwa wa utotoni na ujanani uitwao Gaucher, ulioelezwa Ufaransa mwaka 1882, ambamo lisosomu hukosa kimeng'enya kimoja, glukoserebrosidasi, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya GBA1. Mafuta fulani hayamalizwi kumeng'enywa na hurundikana katika wengu na ini. Madaktari wa ugonjwa huo waligundua jambo la ajabu kliniki: baadhi ya wagonjwa, na pia jamaa zao waliobeba nakala moja tu mbovu na ambao hawakuwa na Gaucher, walikuwa wakipata Parkinson. Mwaka 2009 Ellen Sidransky na wenzake walichapisha hesabu ya zaidi ya wagonjwa 5,000 wa Parkinson kutoka mabara kadhaa: uwezekano wa mgonjwa kubeba kasoro ya GBA1 ulikuwa zaidi ya mara 5 ya mtu asiye na ugonjwa huo. Maabara zikaeleza sababu. Kimeng'enya hicho kikipungua, mafuta yanayobaki huituliza alfa-sinukleini katika umbo lake baya. Na alfa-sinukleini ikijaa, nayo huzuia kimeng'enya kipya kisifike lisosomu. Kila upande unaulisha mwenzake.

Orodha za kasoro za GBA1 ziliandikwa kwa kutazama Wazungu na Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki. Mwafrika akipimwa kwa orodha hizo, mara nyingi aliambiwa hana kitu. Kisha mwaka 2023 jarida la Lancet Neurology likachapisha utafiti ulioongozwa na Mie Rizig wa London na Njideka Okubadejo wa Lagos pamoja na wenzao wa Marekani. Walikuwa na wagonjwa 1,488 wa Parkinson wenye asili ya Afrika, Wanijeria na Wamarekani weusi, na watu zaidi ya 196,000 wa kulinganisha nao. Ndani ya GBA1 ile ile wakakuta badiliko la herufi moja ambalo ni la kawaida kwa watu wa asili ya Afrika na adimu mno kwa wengine. Mwenye nakala moja ana uwezekano wa takriban mara 1.5 wa kupata Parkinson, mwenye nakala mbili takriban mara 3.5.

Badiliko hilo haligusi maelekezo ya kimeng'enya chenyewe. Liko katika sehemu ya jeni inayokatwa na kutupwa kabla ujumbe haujasomwa, ndiyo maana wapimaji walikuwa wakilipita. Mwaka 2024 ilielezwa linavyofanya kazi: herufi hiyo iko mahali ambapo mkasi wa seli hushika ili ukate. Ikibadilika, mkasi hukosa pa kushika vizuri, sehemu ya ujumbe hutoka na takataka ambayo ingekatwa, na kimeng'enya kamili kinachotengenezwa kinakuwa kidogo. Hebu msomaji alitazame jambo hili polepole. Mzungu mwenye kasoro ya kawaida ya GBA1 ana kimeng'enya kilichopotoka. Mwafrika mwenye badiliko hili ana kimeng'enya kizima, ila hakimtoshi.

Lubumbashi watu wana hofu nyingine, nayo ina msingi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na Ben Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti, risasi, kadimiamu, arseniki na urani kwa wingi kuliko walioishi mbali, na kiwango cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Metali hizi zinajua njia ya kwenda kwenye mashine tunayoizungumzia. Arseniki na kadimiamu huzipotosha protini changa kabla hazijamaliza kukunjwa. Kobalti hufanya jambo la ujanja zaidi. Iko protini iitwayo HIF-1α ambayo, oksijeni ikiwapo, hutiwa alama na kusagwa na protiasomu ndani ya dakika chache tu. Kimeng'enya kinachoianzishia safari hiyo hutumia chuma. Kobalti huvuruga kazi yake, alama haibandikwi, na seli huendelea kuamini kwamba imekosa hewa. Maabara za dunia nzima hutumia kloridi ya kobalti kwa kusudi hilo. Madini yanayotoka Kolwezi na Likasi, basi, yana uwezo uliothibitishwa wa kuzuia protini isivunjwe.

Hata hivyo kutoka hapo hadi kusema kwamba vumbi la kobalti ndilo linalowatetemesha wazee wa Golf ni mruko mkubwa, nami siuruki. HIF-1α si alfa-sinukleini, na kipimo cha mkojo hakisemi lolote kuhusu lisosomu ya ubongo. Metali ambayo imethibitika kuleta kitu kinachofanana na Parkinson ni manganizi, tangu daktari Couper alipowaeleza wafanyakazi wa kiwanda cha Glasgow mwaka 1837. Katanga ya zamani ina manganizi yake, Kisenge, upande wa magharibi karibu na Angola. Ila mgonjwa wa manganizi huharibika sehemu tofauti ya ubongo, na levodopa, dawa kuu ya Parkinson, humsaidia kidogo au haimsaidii. Kwa daktari hiyo ni tofauti inayoweza kupimwa, si ya kubahatisha.

Wapo pia wanaoutaja muhogo, kwa sababu ya konzo. Konzo ya Kwango, aliyoieleza Giovanni Trolli mwaka 1938 na ambayo imeonekana pia Tarime nchini Tanzania mwaka 1985, hukaza miguu ghafla kwa watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huku wakikosa chakula cha protini. Lakini konzo ikishapiga haiendelei. Mtoto aliyekazwa miguu akiwa na miaka 8 anabaki na miguu ileile akiwa na 40. Magonjwa ya mabonge hayasimami. Bukari ya Lubumbashi, yaani ugali wetu, hata ikichanganywa unga wa muhogo, iachwe kando katika kesi hii.

Wagonjwa wenyewe ni wangapi? Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, timu ya Richard Walker na Catherine Dotchin ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu wapatao 161,000 na kukuta watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wana nini. Walikuwa wakiishi na ugonjwa usio na jina, na levodopa iliyokuwa ikijulikana tangu miaka ya 1960 haikuwa imewafikia. Ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, mjini Brazzaville, uchunguzi wa 2008 na 2009 ulikuta upungufu wa akili wa uzeeni kwa asilimia 6.7 ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Bangui ilikuwa asilimia 8.1. Kinshasa yenyewe, Jean Ikanga na wenzake wamekuwa wakipima amiloidi na tau katika damu ya wazee, kazi ambayo miaka michache iliyopita ingehitaji maji ya uti wa mgongo na maabara ya ng'ambo. Hesabu hizi hazionyeshi Afrika iliyosalimika. Zinaonyesha Afrika ambayo wagonjwa wake wako nyuma ya mlango, na wazee miongoni mwao, kama Kilifi ya Kenya inavyojua, huweza kuuawa kwa kudhaniwa wachawi kabla hawajaonwa na daktari.

Dawa inayotajwa zaidi kwa upande wa GBA1 ni ambroxol. Wengi wanaijua: ni dawa ya kulegeza makohozi. Ilionekana kwamba hukishika kimeng'enya kilichopotoka, kukisaidia kujikunja na kukisindikiza hadi kwenye lisosomu. Mwaka 2020 watafiti wa London walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 17 wa Parkinson, wenye kasoro za GBA1 na wasio nazo. Dawa ilifika kwenye maji ya ubongo, na wingi wa kimeng'enya humo ukaongezeka kwa asilimia 35. Dozi yao ilikuwa miligramu 1,260 kwa siku, zaidi ya mara 10 ya ile ya kikohozi, kwa hiyo mtu asikimbilie famasi ya jirani na kujipimia kijiko. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2025, kwa wagonjwa wa Parkinson waliokwisha kupoteza kumbukumbu, halikuonyesha akili kuboreka. Kubwa zaidi linaendelea Uingereza.

Jaribio la Uingereza likifaulu, habari itafika Lubumbashi kwa haraka na watu wataanza kuulizia dawa. Hapo ndipo tofauti ile ya herufi moja itakapokuwa na uzito. Msaidizi wa kukunja kimeng'enya ana kazi kubwa mahali penye kimeng'enya kilichopotoka. Mahali ambapo kimeng'enya ni kizima na kilichopungua ni idadi yake, huenda akakosa cha kukunja. Mwenye badiliko la Kiafrika angehitaji zaidi dawa inayorekebisha ukataji wa ujumbe, aina ya dawa ambayo tayari ipo kwa ugonjwa mwingine wa neva, ule wa watoto unaodhoofisha misuli kwa kuua seli za neva za uti wa mgongo, ambapo nusinersen iliidhinishwa mwaka 2016. Ufundi upo. Kinachotakiwa ni wagonjwa waliopimwa, wenye majina ya ugonjwa wao kwenye daftari na herufi yao ya GBA1 pembeni. Nijeria imeanza. Kutoka Kongo, nchi yenye watu wanaokaribia nusu ya wale wa Nijeria, hakuna kundi lililokuwamo katika hesabu ya 2023.

Gharama ya kuisoma herufi moja ya jeni ni ndogo kuliko tiketi moja ya kwenda Johannesburg.